Kibali cha Siri na Hatia ya Udugu

Serikali ya Marekani ina fomu inayojulikana zaidi kwa nambari yake, 86, kuliko kwa jina lake. Raia wa nchi ile anayeomba kazi ambayo ndani yake mna siri za dola, awe mhandisi wa ndege za vita, au mfasiri wa lugha, au karani wa ubalozi, hana budi kuijaza kabla hajapewa kibali. Kurasa zake zapita 100. Humo huulizwa alikaa wapi, alisoma wapi, anadaiwa na nani, anakunywa kiasi gani, na kama alipata kushtakiwa. Maswali hayo sina ugomvi nayo; mwenye nyumba ana haki ya kumtazama vizuri mtu anayempa ufunguo. Ugomvi wangu ni juu ya sehemu ya 18 na mbili zinazoifuata, ambamo mtu huyo huulizwa mama yake ni raia wa nchi gani, anaishi wapi, huzungumza naye kwa njia gani, na mara ngapi: kila siku, kila juma, kila mwezi, kila robo ya mwaka, au mara moja kwa mwaka. Mwaka 2023 iliidhinishwa fomu mpya ya kushika mahali pa ile ya zamani, lakini kanuni ambayo majibu hayo hupimwa kwayo haikubadilika.

Najua kwamba wako wasomaji watakaoniuliza siri za Marekani zatuhusu nini sisi. Zatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, katika watu wanaoijaza fomu hiyo wamo wenzetu, waliozaliwa Mombasa, Tanga, Bukavu au Bujumbura, wakahamia ng'ambo, wakaapa kiapo cha uraia wa nchi ile, na wakataka kuitumikia kwa ujuzi waliotoka nao nyumbani, ambao mara nyingi ni hii lugha ninayoiandika. Pili, swali lililofichwa chini ya fomu ni kubwa kuliko fomu yenyewe. Je, mtu awapendaye jamaa zake walio katika nchi nyingine ni mtu wa kuaminiwa kidogo kuliko asiyewapenda? Kanuni ya Marekani hujibu ndiyo. Mimi nasema siyo, na nasema kwamba jibu lao si upungufu wa huruma tu, ni upungufu wa akili.

Kanuni yenyewe huitwa Mwongozo B, nao unahusu ushawishi wa kigeni. Sura yake ya sasa ilianza kutumika Juni 8, 2017, ingawa mizizi yake ni ya zamani zaidi. Yasema kwamba kuwasiliana na jamaa wa kigeni ni jambo la kutia shaka iwapo kunaongeza hatari ya mtu kutumiwa, kushawishiwa, kushurutishwa au kutishwa. Shaka ikiisha kutiwa, mzigo wa kuiondoa humwangukia mwombaji mwenyewe. Na shaka ikibaki, ijapokuwa chembe, huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa.

Haya yangaliweza kuvumilika kama milango yote ya kutokea ingalikuwa milango ya heshima. Hebu tuitazame. Mwombaji aweza kuokoka akionyesha kwamba nchi ya jamaa zake, na kazi wanazozifanya huko, havina hatari. Aweza kuokoka akionyesha kwamba ana mizizi mirefu ndani ya Marekani, nyumba, watoto, kazi, marafiki, hata ikitokea pande mbili zikivutana atachagua Marekani. Mlango huu ni mpana, na wengi hupita humo. Sitaki kuwanyima haki yao walioutunga. Lakini uko mlango mwingine kando yake. Mwombaji aweza kuokoka akithibitisha kwamba moyo wake wa wajibu kwa yule jamaa wa kigeni ni mdogo mno, au kwamba mawasiliano yao ni ya nadra na ya juu juu tu. Nimeusoma mstari huo mara nyingi nikiutafutia maana nyingine, sikuipata. Maana yake ni kwamba mwana aliyemwacha mama yake miaka saba bila ya habari ana hoja nzuri kuliko mwana ampigiaye simu kila Ijumaa.

Mawakili wanalijua hili, na waamuzi wanalijua. Hukumu za idara ya mashauri ya vibali katika Wizara ya Ulinzi huchapishwa bila ya majina ya waombaji, na mtu yeyote aweza kuzisoma. Humo simu huhesabiwa kama fedha katika daftari la duka. Kiasi alichotumiwa mama mzee kwa ajili ya dawa huandikwa kwa jumla yake. Huchukuliwa kwamba mapenzi baina ya mtu na wazazi wake, na hata baina yake na wakwe zake, si ya juu juu, mpaka yeye athibitishe kinyume. Dhana hiyo ni ya kweli kabisa, na mahali pengine popote ingekuwa sifa ya mtu. Hapa ni hoja ya mashtaka, na mshtakiwa hujitetea kwa kujivua wema wake kipande kwa kipande.

Tumchukue mtu mmoja wa kubuni. Alizaliwa Tanga. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama mkubwa huko Pangani, na ada ya shule ikalipwa na baba mdogo. Akaenda Marekani, akasoma, akawa raia, na sasa anaomba kazi ya ufasiri. Fomu yamtaka aorodheshe baba na mama, wa kuzaa na wa kambo, ndugu wa tumbo moja, wa upande mmoja na wa kambo, watoto, wakwe, na mlezi. Mama mkubwa aingie wapi? Akimwandika kuwa ni mama, asije akaambiwa amesema uongo, na uongo katika karatasi ya serikali ile waweza kumfunga mtu hata miaka 5. Akimwacha, atakutana naye katika sehemu ya 19, ambamo huulizwa juu ya mgeni yeyote ambaye katika miaka 7 iliyopita amefungamana naye kwa mapenzi, kwa ushawishi, kwa mambo wanayoshirikiana au kwa wajibu. Kwa mapenzi au kwa wajibu! Katika ukoo wa kawaida wa pwani yetu karatasi itajaa kabla hajafika kwa binamu. Na katika sehemu ya 20 ataulizwa kama alipata kumsaidia mgeni kwa fedha wakati wowote wa maisha yake. Mtu huyu kila mwezi hutuma fedha nyumbani: kidogo kwa mama mkubwa, kidogo kwa mjukuu wa baba mdogo aliye shuleni, kidogo mchango wa harusi, kidogo matanga. Katika Tanga mtu wa namna hii huitwa mtu mzima. Katika fomu yeye ni orodha ya udhaifu. Hata neno "ndugu" lenyewe halikubali kuingia katika safu zile. Mkaguzi akimwuliza ana ndugu wangapi, jibu la kweli ni kwamba hajui idadi yao, na jibu hilo husikika kama la mtu anayeficha.

Kwetu kuunga udugu ni katika mambo ya kwanza anayofunzwa mtoto, na kukata udugu ni katika madhambi ambayo wazee huyataja kwa sauti ya chini. Mwacha asili ni mtumwa, husema. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya Mwongozo B, lakini imeupata barabara, maana anayetokea katika mlango wa mapenzi madogo hupewa kibali kwa kukubali kuonekana kuwa hana kwao.

Sasa niwape nafasi wapinzani wangu, kwa kuwa hoja yao si ya kipumbavu. Wao husema: "Hatumhukumu mtu kuwa mwovu. Amri ya rais ya mwaka 1960 inayoongoza mashauri haya yasema wazi kwamba kunyimwa kibali si hukumu juu ya uaminifu wa mtu. Twamwogopa kwa sababu ni mwema. Adui hamtishi mtu kwa jamaa asiyempenda. Humtisha kwa yule ampendaye. Damu ni nzito kuliko maji, na mama akikamatwa usiku, mwana atafanya nini?"

Hofu hii ina mifano. Waandishi wa idhaa ya Kiuyghuri ya Radio Free Asia, redio iliyogharimiwa na serikali ya Marekani, walipotangaza habari za makambi ya Xinjiang, jamaa zao waliobaki huko walitiwa vizuizini. Jambo hilo lilijulikana ulimwenguni mwaka 2018. Basi serikali zinazoshika jamaa wa mtu kama rehani ziko, sikatai. Lakini tazama waandishi wale walifanya nini. Hawakunyamaza. Waliendelea kutangaza, na habari ya kukamatwa kwa jamaa zao wakaitangaza vilevile. Rehani ilishikwa, na deni halikulipwa. Wapinzani wangu husimulia nusu ya kwanza ya kisa hiki, wakaishia hapo.

Hoja yao ina kasoro nyingine. Kama mapenzi ndiyo hatari, basi hesabu ya simu haipimi kitu, kwa maana mtu asiyesema na mama yake kwa miaka 10 aweza kuanguka chini akisikia kwamba amefungwa. Kinachopimwa ni dalili za mapenzi, na dalili huweza kuzimwa. Mwenye hila atazizima mapema, miaka miwili kabla ya kuomba kazi. Mkweli hatazizima. Nimepata kuona ungo mbovu, lakini ungo unaomwaga mchele na kubakiza makapi ni nadra.

Marekani yenyewe ilikwisha kufunzwa somo hili, tena kwa kisa cha mwanafunzi. Mwaka 1953 Milo Radulovich alikuwa luteni wa akiba wa Jeshi la Anga, na huku anasoma katika Chuo Kikuu cha Michigan. Akaambiwa kwamba ni mtu wa hatari kwa usalama. Uaminifu wake mwenyewe haukutiwa shaka. Makosa yalikuwa ni baba yake na dada yake. Baba alikuwa mhamiaji wa Kiserbia, mfanyakazi wa viwanda vya magari, ambaye alisoma magazeti ya lugha yake. Dada alishukiwa kuwa na fikira za mrengo wa kushoto. Radulovich hakukubali kuwakana. Aliuliza kwamba, ikiwa yeye ahukumiwa kwa ajili ya jamaa zake, je, watoto wake nao wataambiwa siku moja wamkane yeye? Oktoba 20 ya mwaka ule Edward R. Murrow alikitangaza kisa chake katika televisheni, na kabla Novemba haijaisha Waziri wa Jeshi la Anga aliubatilisha uamuzi ule.

Watu hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa televisheni. Ushindi ulikuwako, lakini naona jambo jingine ndani yake. Mtu mmoja aliokoka kwa kuwa taifa zima lilimtazama usoni. Waombaji wa siku hizi husikilizwa mmoja mmoja, na hukumu zao hazina majina. Kwa faragha yao ni vizuri. Kwa haki yao sina hakika.

Wakati wakaguzi walipokuwa wakiwachungulia akina mama wa kigeni, siri zilitoka kwa njia gani? Kikulacho ki nguoni mwako. John Walker wa jeshi la majini aliwauzia Warusi siri za mawasiliano ya jeshi lake tangu miaka ya 1960 mpaka alipokamatwa mwaka 1985. Hakuwa na mjomba Moscow. Udugu aliutumia, naam, lakini ulikuwa udugu wa Marekani: alimwingiza katika biashara ile kaka yake, akamwingiza na mwanawe, na aliyekwenda kumshtaki alikuwa mtalaka wake. Aldrich Ames wa CIA, aliyekamatwa mwaka 1994, alikuwa mtoto wa mtumishi wa CIA. Alitaka fedha, akalipwa zaidi ya dola milioni 2. Mkewe alikuwa mwenyeji wa Colombia, ni kweli, lakini aliyenunua siri hakuwa Colombia. Robert Hanssen wa FBI, aliyekamatwa mwaka 2001, alikuwa mtoto wa askari polisi wa Chicago. Na Ana Montes, mchambuzi wa mambo ya Cuba katika upelelezi wa jeshi, aliyekamatwa Septemba 2001 baada ya kuitumikia Cuba miaka mingi, alikuwa na ndugu wawili, wa kiume na wa kike, waliokuwa watumishi wa FBI. Kwa kipimo cha fomu, jamaa wazuri kuliko hao hawapatikani.

Sisemi kwamba majasusi wenye jamaa ng'ambo hawajatokea. Wametokea, na watafiti wa serikali ile wenyewe wameandika kwamba baada ya mwaka 1990 waliongezeka miongoni mwa waliokamatwa, na kwamba tamaa ya fedha ilianza kupitwa na moyo wa kuipenda nchi nyingine. Haya lazima yasemwe, ingawa hayanipendezi. Walakini kuipenda siasa ya nchi si kumpenda mama aliye ndani yake. Montes hakuwa na jamaa Cuba. Kendall Myers wa Wizara ya Mambo ya Nje, aliyekamatwa mwaka 2009 kwa kuitumikia Cuba hiyo hiyo, alikuwa kitukuu cha Alexander Graham Bell. Ukitafuta ukoo wa Kimarekani uliokamilika, utaufikia huo kabla ya mingi mingine. Na kisa cha mtu aliyeuza siri kwa sababu kisu kimewekwa shingoni mwa mama yake, ambacho ndicho kisa kanuni imejengwa juu yake, katika kumbukumbu zilizochapishwa ni nadra kukiona.

Nikitaka kisa kimoja cha kuwajibu wote, nachagua cha Harry Fukuhara. Alizaliwa Seattle kwa wazazi wa Kijapani. Baba alipofariki, mama aliwarudisha watoto Hiroshima, mji wa kwao. Na Harry alipopata umri alirejea Marekani, mwaka 1938. Baada ya Pearl Harbor, kwa amri ya rais ya Februari 1942, watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani walitolewa majumbani mwao wakafungiwa makambini, na theluthi mbili yao walikuwa raia. Fukuhara aliwekwa Gila River, katika jangwa la Arizona. Huko huko kambini wakaja maofisa wa jeshi kutafuta watu wajuao Kijapani, wakamchukua. Fikirini, wasomaji: mama yu katika nchi ya adui, ndugu zake wa kiume ni watu wa jeshi la adui, ama wataitwa kuwa, na serikali anayoiapia imemfunga bila ya kosa. Kwa kipimo cha Mwongozo B, ni nani awezaye kuwa wa hatari kuliko huyu? Mtu huyo alihoji mateka na kufasiri hati katika New Guinea na Ufilipino mpaka vita vikaisha. Kisha akaenda Hiroshima kumtafuta mama yake katika majivu. Alimkuta hai, kaka yake mkubwa alimkuta mgonjwa kwa ajili ya bomu lile, na hakupona. Fukuhara alidumu katika upelelezi wa jeshi la Marekani hata akastaafu akiwa kanali mwaka 1971.

Hakuwa peke yake. Wamarekani wa asili ya Kijapani wapatao 6,000 walifanya kazi ile, wengi wakiwa na wazazi nyuma ya seng'enge na shangazi na binamu ng'ambo ya bahari. Na Kijapani walikijulia wapi? Walifunzwa na mama zao. Tena waliokuwa hodari kupita wote ni wale waliopata kusoma Japani utotoni, nao ndio walioshukiwa kupita wote. Kilichowafanya wafae na kilichowafanya washukiwe kilikuwa kitu kimoja.

Mwaka 1988 Bunge la Marekani liliomba radhi kwa makambi yale, likaagiza kila aliyefungwa na yungali hai alipwe dola 20,000. Mwaka ule ule Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitoa hukumu ya shauri la Egan, iliyosema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupata kibali, na kwamba kupima sababu za kumnyima mtu kibali si kazi ya mahakama, isipokuwa Bunge liwe limeagiza hivyo. Kwa mkono mmoja taifa liliungama kosa, na kwa mkono wa pili likafunga mlango ambao kwao kosa la jinsi ile lingaliweza kupelekwa mbele ya hakimu. Mwaka 2013 mtumishi mmoja wa idara ya ramani za kijasusi, raia, aliyekuwa amenyang'anywa kibali baada ya kuoa, alifika mahakama ya rufaa akidai kwamba ameonewa kwa dini na asili ya mkewe na yake. Mahakama ilitaja Egan, ikamrudisha.

Wapo watakaonikumbusha kwamba amri ya rais ya mwaka 1995 yakataza ubaguzi wa asili ya taifa katika kutoa vibali. Ndiyo, yakataza. Lakini jamaa wa kigeni ni nini kama si asili ya mtu iliyobadili nguo? Mtu ambaye ukoo wake ulifika Marekani miaka 200 iliyopita hana mama wa kigeni. Aliyefika juzi anaye. Kuwauliza wote wawili swali moja si usawa. Ni kama kuwauliza watu wote wa mtaa nani ana mashua, nawe wazijua nyumba za wavuvi.

Na hasara ni ya nani? Si ya mwombaji peke yake. Baada ya Septemba 11, 2001 serikali ile ilitafuta wajuzi wa Kiarabu na Kipashto kama mtu atafutaye maji usiku. Mwaka 2004 mkaguzi wa Wizara ya Sheria alieleza kwamba FBI ilikuwa na zaidi ya saa 100,000 za sauti zilizonaswa katika lugha za kigeni ambazo hazijapitiwa na mtu. Raia waliozaliwa ndani ya lugha hizo walikuwako, katika Michigan, katika California. Lakini jamaa zao walikuwa Beirut na Kabul, na upekuzi wa mtu wa namna hiyo huenda kwa mwendo wa kobe. Lugha haikai hewani. Hukaa vinywani mwa mashangazi. Kumtaka mtu ajue Kipashto cha nyumbani na papo hapo asiwe na mtu nyumbani ni kutaka nazi bila ya mnazi.

Kwamba hofu hii yaweza kupunguzwa, wenyewe wamekwisha kuonyesha. Mpaka mwaka 2008, kwa siri za juu za kijasusi, kanuni ilitaka hata jamaa wa karibu wa mwombaji wawe raia wa Marekani, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Mwaka huo sharti hilo liliondolewa, kwa sababu wakubwa wa upelelezi walichoka kuwarudisha watu waliowahitaji. Paa halikuanguka.

Nisidhaniwe kuwa naandika ili kuwacheka Wamarekani. Vyombo vya hofu husafiri, na nyumba zetu zina nafasi ya kuviweka. Mpaka uliopangwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ulimpa Mdigo wa Vanga shangazi wa kigeni upande wa Tanga bila ya yeye kuinua mguu. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, koo nzima ziligawanyika baina ya visiwa, Muscat na Dubai. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwaita raia wake wa Kisomali, na hao tu, wathibitishe kuwa ni Wakenya, ikawapa kadi za peke yao za rangi ya waridi. Hapo palikuwa hapana siri ya kulinda; palikuwa na udugu uliovuka mpaka, basi.

Nataka nini? Sitaki siri za dola, ya Marekani wala ya kwetu, zigawiwe kama halua ya harusi. Aulizwe mwombaji nchi ya jamaa zake na kazi zao, kwa kuwa mwana wa jenerali si sawa na mwana wa mshonaji. Mwenendo wake upimwe, na madeni yake, na ulevi wake, na ukweli wake. Lakini mlango wa mapenzi madogo uzibwe, na hesabu ya simu za mama ifutwe. Mahali pake liwekwe swali lenye faida: je, amepata kujiwa na mtu akitajiwa jamaa zake kwa vitisho, alimwambia nani, na upesi kiasi gani? Na atakayesema alindwe, yeye na kazi yake. Kama jamaa zake waweza kusaidiwa kutoka huko waliko, wasaidiwe.

Hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Kanuni kama ilivyo sasa yamhesabia mtu hatari ileile ambayo yamtaka aifichue. Mtumishi aliyepigiwa simu usiku na sauti asiyoijua, ikamtajia mtaa anaokaa mama yake na rangi ya mlango wake, hukaa kitandani mpaka alfajiri akifanya hesabu. Akimwambia mkubwa wake, amethibitisha kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ana jamaa wa kutishiwa, na huenda kibali kikaondoka, na mshahara, na ada za watoto, na fedha ya dawa ya huyo mama. Akinyamaza, sauti ile itapiga tena.